Kutoka Diani hadi Minziro: mbega na nyaya za umeme

Mbega wa Angola, yule mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani, tunaye mkoani Kagera, Tanzania. Anaishi msitu wa Minziro, Missenyi, mpakani na Uganda. Jamaa zake wako Diani, pwani ya kusini ya Kenya, na wao ndio waliolipa gharama ya somo la nyaya za umeme.

Barabara ya hoteli ilipasua msitu wa Diani, nguzo za umeme zikafuata. Mbega waligongwa na magari hata wenyeji wakapiga kelele, na mwaka 1997 ikaanzishwa taasisi ambayo leo inaitwa Colobus Conservation. Ikatundika ngazi za kamba juu ya barabara, mbega wavuke kutoka mti hadi mti bila kushuka chini.

Umeme ulikuwa mgumu zaidi. Mnyama akining'inia kwenye waya mmoja tu hadhuriki. Akigusa wa pili, au chuma cha transfoma, umeme humpita mwilini. Mama huanguka amekufa, na pengine mtoto mchanga, mweupe pe kama pamba, akakutwa hai bado amemng'ang'ania tumboni. Watoto wa tumbili na kima hulelewa, wakaundiwa kundi, wakarudishwa msituni. Wa mbega ni mtihani mzito: tumbo lake limeumbwa kuchachusha majani, na wengi hawavuki siku za chupa. Kwa hiyo watu wa Diani walikwenda kwenye chanzo. Wanapogoa matawi yanayokaribia nyaya, tena na tena maana mti haungoji, na kwa kushirikiana na Kenya Power nyaya zilizo wazi zinavikwa ganda.

Huku kwetu Kagera, kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na Muleba umetoka Masaka, Uganda, kupitia Kyaka, iliyo wilaya moja na Minziro. Laini hiyo kubwa haimtishi sana mbega, kwani nyaya zake zimeachana mno. Zinazoua ni zile za chini zinazoingia vijijini, na hizo zimeongezeka tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi. Sisi wa Rubya, wilayani Muleba, tunazihitaji, hospitali yetu kwanza. Lakini kwenye migomba na miparachichi zinakopita ndiko tumbili wanakotafuta chakula.

Wapimaji wa laini mpya Muleba na Missenyi, nawaomba: penye miti ya wanyama hawa, fungeni waya wenye ganda tangu siku ya kwanza.