Wakfu ya Familia: Funzo Kutoka Pwani Yetu



Ndugu Waislamu, mirathi tunaijua: ni mafungu aliyoyapanga Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa. Wasia pia tunaujua, na hauvuki theluthi ya mali. Iko njia ya tatu ambayo wengi tumeisahau, nayo ni wakfu. Mtu akiwa hai huzuia nyumba au shamba: haliuzwi wala halirithiwi, bali faida yake huwaendea aliowataja.

Asili yake mashuhuri ni ardhi ya Khaybar aliyoipata Sayyidna Umar (R.A.). Alimtaka ushauri Mtume (S.A.W.), akaelekezwa azuie ardhi yenyewe na mazao yake ayatoe sadaka. Waliotajwa kunufaika ni pamoja na mafakiri, wasafiri na jamaa.

Kwa msingi huo, wazee wetu wa pwani ya Afrika Mashariki, wafuasi wa Imam Shafi, waliweka wakfu mali zao kwa watoto na wajukuu. Kizazi kikikatika, faida iwaendee maskini au msikiti.

Utawala wa Waingereza ukaja na hukumu nyingine. Mwaka 1894 mahakama yao ya juu ya rufaa huko London, Privy Council, ilibatilisha wakfu ya familia moja ya Bengal. Hoja yao: maskini wamewekwa mbali mno, basi hiyo si sadaka. Waislamu wa India walilalamika mpaka ikatungwa sheria ya 1913 kuzihalalisha. Lakini sheria hiyo haikufika kwetu, hukumu ilifika. Mwaka 1946 ilifuatwa katika kesi ya Zanzibar, na miaka michache baadaye katika kesi ya Mombasa. Kenya ilitunga sheria ya kuzikubali wakfu hizo mwaka 1951.

Tazameni basi: wakfu iliyo sahihi kwa fiqhi iliangushwa mahakamani. Wakfu ikibatilika, mali hurudi kwa mwenyewe au warithi wake, na huweza kuuzwa.

Kwa hiyo, mwenye nia asingoje kitanda cha mauti. Aandike, aweke mashahidi, aitaje mali kwa mipaka yake, amteue msimamizi, kisha aisajili kwa sheria ya nchi anayoishi. Awaulize kadhi na wakili wote wawili. Wala wakfu isiwe hila ya kuwanyima mabinti haki yao.

Wabillahi tawfiq.