Mazimbu na Dakawa: Hifadhi ya Waliokimbia Ubaguzi

Ukitoka Mikumi kwa barabara ya Iringa kuelekea Morogoro, Mazimbu iko pembezoni mwa mji huo. Ukitoka Kilosa kwenda huko kupitia Dumila, utapita Dakawa. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia risasi za polisi huko Soweto mnamo Juni 1976 walipokelewa huku.

Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, kama yale wanayoyafahamu watu wa Kimamba wilayani Kilosa. Serikali ya Tanzania ilikipa shamba hilo chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, na mwaka 1978 shule ikaanza humo. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22 tu. Sweden, Norway, Denmark na Uholanzi zilichangia ujenzi, na hospitali ikabeba jina la mshikamano wa ANC na Waholanzi. Misaada hiyo ilikuwa mikubwa na inastahili shukrani. Hata hivyo, ardhi ilitolewa na nchi maskini iliyojiweka hatarini, wakati utawala wa makaburu ulikuwa ukiwafuata na kuwashambulia wakimbizi hadi Matola, Msumbiji, mwaka 1981 na Maseru, Lesotho, mwaka 1982.

Dakawa iliongezwa mwaka 1982. Ilifurika wageni baada ya Msumbiji kutia saini mkataba wa Nkomati na serikali ya Pretoria, Machi 1984, na wana-ANC wengi kulazimika kuondoka huko.

Baadhi yao hawakurudi kwao, wamezikwa Mazimbu. Tarehe 9 Julai 1992 ANC ilikabidhi majengo yote kwa Tanzania. Ya Mazimbu sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.