Mnyororo Ndani ya Mbuyu

Ukifika Misheni ya Bagamoyo utaonyeshwa mbuyu wenye mnyororo. Kipande kidogo tu cha chuma kimechomoza kwenye gome, kingine chote kimemezwa na mti. Wageni wakikiona huguna na kutikisa kichwa: watumwa hao! Kumbe wapi. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja wa Kifaransa, aliyekuwa akiuguza wagonjwa pale, alimfungia punda wake mnyororo huo, akausahau. Mbuyu ukanenepa ukaufunika.

Habari za watumwa zipo, ila zitafute shambani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, na misheni yao ikajaa watoto waliokombolewa kwa fedha. Watoto wakafundishwa dini, kusoma, ufundi, na zaidi ya yote jembe. Walipokua wakaozwa, wakapewa nyumba katika kijiji cha misheni. Sehemu ya juma walilima shamba la misheni, sehemu wakalima lao. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha majengo na minazi, ikabidi kuanza upya.

Leo tunakiita kijiji cha uhuru. Sawa. Lakini wapo waliotoroka, na mimi hao ndio wanaonikosesha usingizi. Mtu ametolewa sokoni, analishwa, ana paa juu ya kichwa, halafu anaondoka usiku. Amekimbia nini, kama si kengele ya kwenda shamba lisilo lake?

Mnara wa kanisa la kwanza, la 1872, umepewa jina la Livingstone. Huyo alilala hapo Februari 1874, tayari maiti, baada ya Chuma, Susi na wenzao kumbeba miezi kadhaa kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Kesho yake safari ikaendelea, mwishowe akazikwa London. Sina ugomvi na marehemu, ila kwa mgeni wa usiku mmoja, mnara mzima ni mwingi.

Njia ya miembe iliyopandwa 1871 ipo bado, na kivuli chake ni kizuri kwa picha. Mwaka ule ilikuwa miche. Mche wa mwembe kwenye mchanga wa pwani hutaka maji kila jioni, na kisima hakikuwa kikitembea chenyewe.