Kwa nini faili lifunguke kwenye kompyuta moja na kugoma kwenye nyingine?

Chukua mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katibu anatumia programu inayoandaa ripoti ya marejesho na kuipa jina lenye saa: "Marejesho 10:30". Kwenye kompyuta yake ya Linux ripoti inafunguka vizuri. Mweka hazina anatumia programu hiyohiyo kwenye Windows, anaona faili linaloitwa "Marejesho 10" tu, na ukubwa wake ni sifuri. Mtu anaweza kudhani hesabu zimefutwa, au mwenzake ameficha kitu.

Hakuna aliyeficha. Katika Windows nukta mbili zina kazi maalumu. Mfumo unachukua maneno yaliyo kabla ya nukta hizo kama jina la faili, na maandishi yenyewe unayaweka kwenye sehemu ya pembeni isiyoonekana kwa macho ya kawaida. Linux haina neno na nukta mbili.

Tofauti za namna hii zina historia ndefu. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 kule Marekani, hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju (/). Linux na Android zimefuata njia hiyo. DOS, mzazi wa Windows, ilipoanza kuwa na folda mwaka 1983, mkwaju huo ulikuwa tayari unatumika kwenye amri zake, ikabidi uchukuliwe ule unaolalia upande wa pili (\). Mpaka leo tunaishi na mikwaju miwili.

Halafu kuna herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, "Wanachama" na "wanachama" ni mafaili mawili tofauti. Kwa Windows, kwa kawaida, ni faili moja.

Sasa, nani anatakiwa kuyajua haya? Si katibu. Ni mwandishi wa programu. Ndiyo maana kwenye timu makini, maelekezo anayoyaandika mmoja, yaani msimbo, husomwa na mwenzake kabla ya kuingizwa kwenye programu. Wengi hudhani ukaguzi huo ni wa urembo tu: nafasi, mistari, majina. Kwenye msimbo unaoshika mafaili, mtindo ndio unaoamua kama ripoti yako itaonekana.

Mkaguzi akikuta mkwaju umeandikwa kwa mkono katikati ya anwani ya faili, anaurudisha. Lugha nyingi za kompyuta zina njia ya kuunganisha majina ya folda kulingana na mashine iliyopo. Python, kwa mfano, ina pathlib tangu mwaka 2014. Akikuta maneno "kama ni Windows fanya hivi" yametapakaa sehemu kumi, ataomba yakusanywe mahali pamoja. Sababu ni rahisi: siku kasoro ikitokea, fundi atarekebisha sehemu tisa na kuisahau ya kumi, na hiyo ya kumi ndiyo itakayomkuta mtumiaji.

Kuna kosa jingine ambalo jicho lisilozoea hulipita. Windows humaliza mstari wa maandishi kwa alama mbili, Linux kwa moja. Katika lugha kama C, mwandishi akihifadhi picha kwa njia iliyokusudiwa maandishi, Windows huongeza alama ndani ya picha na kuiharibu. Kwenye Linux programu hiyohiyo haina shida, kwa hiyo mwandishi anaapa kwamba kazi yake ni nzima. Tofauti ni herufi moja tu katika amri ya kufungua faili, na mkaguzi mzuri huitafuta hiyo kwanza.

Kwako wewe mwenye simu, ukitaka faili lisafiri salama, lipe jina la herufi, tarakimu na vistari. Tarehe iandike 2024-03-15, bila mkwaju. Acha alama ya kuuliza, nyota na nukta mbili. Na kama video inakataa kuingia kwenye flashi ilhali nafasi ipo, angalia ukubwa wake: flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 64.