Bushi Iliyokuwa na Kipimo Sahihi

Bushi ilikuwa na kipimo sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Niliipima mwenyewe kwa kalipa nikiwa nimechuchumaa chini ya mgunga, kisha nikaipima tena. Upana wa nje sawa. Upana wa tundu sawa. Lakini wiki tatu tu baada ya kufungwa, ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha zamani, na mkono wa pampu ulikuwa unachezacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Hii ilikuwa Korbesa, upande wa Merti, wakati wa ukame wa 2022. Nilikuwa nimeenda kuwasalimia jamaa. Pale kisima kifupi chenye pampu ya mkono kinaweza kuwa ndicho tofauti kati ya kuteka maji kwa dakika chache na kuchimba mchanga wa Ewaso Ng'iro kwa mikono mpaka unyevu utokee. Mjini Isiolo ni zaidi ya kilomita 200, na barabara yenyewe unaijua au umeisikia. Kwa hiyo spea ikikataa, haikatai peke yake. Inakataa na nauli, na siku mbili za mtu, na mbuzi waliokuwa wakingoja.

"Si ulisema umesomea michoro ya mashine?" binamu yangu akaniuliza. "Sasa tuambie."

Niliwaambia kipimo kiko sawa. Mzee mmoja akaishika ile bushi, akaizungusha kidoleni, akasema kwa upole, "Basi kipimo chenu hakijui kitu." Alikuwa sahihi kuliko mimi. Tundu la ndani lilikuwa na upana unaotakiwa, na duara la nje vilevile, ila maduara hayo mawili hayakuwa na kitovu kimoja. Moja lilikuwa limesogea kando, kidogo kiasi kwamba jicho halioni. Pini ikaegemea upande mwembamba, ikautafuna mpaka ukaisha.

Ukubwa ni jambo moja, umbo na mahali ni jambo lingine. Binadamu walitengeneza mashine kwa miaka mingi kabla ya kupata lugha ya kuliandika hilo kwenye karatasi. Historia ya lugha hiyo inapitia kwenye kiwanda cha silaha Scotland, halafu, amini usiamini, inapita Kwale.

Zamani mchoro wa kiufundi ulikuwa na namba tu. Tundu hili liwe milimita 50 kutoka ukingo huu na milimita 30 kutoka ukingo ule, na fundi aruhusiwe kukosea kwa 0.1 kila upande. Ruhusa hiyo ya kukosea ndiyo tolaransi, kwa sababu hakuna mashine duniani inayokata 50 kamili. Ukiichora ruhusa hiyo utapata kiboksi cha mraba, upana 0.2, ambamo kitovu cha tundu lazima kiangukie. Inaonekana haki. Lakini angalia: tundu lililosogea 0.12 moja kwa moja kulia liko nje ya kiboksi, linatupwa. Tundu lililosogea kwenda kwenye kona ya kiboksi liko mbali na kitovu kwa 0.14, na hilo linapita! Lililokosea zaidi limekubaliwa, lililokosea kidogo limekataliwa.

Mtu anayehusishwa zaidi na kuliona hili ni Stanley Parker, aliyefanya kazi katika kiwanda cha torpedo cha jeshi la wanamaji la Uingereza, mjini Alexandria, Scotland. Ulikuwa wakati wa vita, na kutupa chuma kizuri lilikuwa kosa lisilosameheka. Husimuliwa kwamba vipande vilivyokataliwa na wakaguzi viliunganishwa, na torpedo zikafanya kazi bila shida. Parker akauliza swali ambalo mzee wa Korbesa angelielewa mara moja: kifaa chenyewe kinahitaji nini? Bolti ni ya mviringo. Haijali kona. Basi eneo la kuruhusiwa liwe mviringo pia. Ukichora duara linalogusa kona zote nne za kile kiboksi, eneo linaongezeka kwa asilimia 57, na kila tundu linalopata nafasi hiyo mpya haliko mbali na kitovu kuliko lile la kona lililokuwa likikubaliwa zamani.

Mwaka 1940 alichapisha maelezo yake kuhusu usanifu na ukaguzi wa kazi za kiwandani. Baada ya vita wazo likavuka bahari. Jeshi la Marekani liliweka kanuni za michoro mwaka 1949, kiwango cha Y14.5 kikatoka 1957, na shirika la viwango la kimataifa likawa na ISO 1101 kuanzia 1969. Ndipo michoro ikaanza kujaa visanduku vidogo vyenye alama. Duara lenye msalaba linasema mahali. Maduara mawili, moja ndani ya jingine, yanasema vitovu vikae pamoja. Na herufi kubwa, A au B, inasema upimie kutoka wapi.

Hiyo herufi ndiyo naipenda zaidi. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundi wa kwanza anapimia ukingo wa juu, wa pili anapimia wa chini, wote wana namba sahihi, na vipande vyao havikutani. Herufi A inawaambia wote: hapa ndipo mwanzo, usivutie kwako. Waborana wanaijua busara hii kwa njia yao. Kwenye visima vyao vikuu kuna aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo. Bila mahali pamoja pa kuanzia kuhesabu, kila mtu ana haki na hakuna anayekunywa.

Sasa Kwale. Miaka ya 1981 hadi 1990 Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa muongo wa maji safi, na swali gumu lilikuwa pampu. Vijiji vingi Afrika vilikuwa vimewekewa pampu za mkono ambazo zikiharibika zilihitaji gari, winchi na fundi kutoka mbali. Kazi iliyoanza Malawi mwaka 1981 ilizaa kichwa cha pampu kilichoitwa Maldev. Kikaendelezwa Kenya, na kuanzia 1983 pampu zikajaribiwa vijijini Kwale chini ya mradi wa UNDP na Benki ya Dunia. Matokeo yake ni Afridev, ile pampu ambayo huenda umeiteka bila kujua jina lake.

Ujanja wake ni kwamba bomba la kupandisha maji lina nafasi ya kutosha kwa pistoni na vali ya chini kuvutwa juu bila kung'oa bomba. Spana moja inafungua karibu kila kitu. Bushi zake ni za plastiki, zibadilishwe na watu wa kijiji wenyewe, wakiwemo akina mama wanaoiteka. Na michoro yake haikufungiwa na kampuni yoyote. Iliachwa wazi kwa umma, kiwanda cha Kenya kitengeneze, cha India kitengeneze, na spea za huku ziingie kwenye pampu ya kule.

Lakini ahadi hiyo yote inakaa juu ya tolaransi. Mchoro wa bure hausaidii kama anayeutengeneza anasoma namba na kuruka masharti mengine. Kenya tulilipata somo kama hilo kwa njia kubwa zaidi. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza gari la Kenya, na 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa, gari chache zilizotengenezwa kweli na kutembea kweli. Kuzizalisha kwa wingi hakukufika. Kilichobaki ni mashine na karakana, leo Numerical Machining Complex jijini Nairobi. Fundi hodari anaweza kupiga tupa hapa na pale mpaka gari moja likubali. Gari la elfu moja linataka kila kipande kikubali bila kubembelezwa.

Na bushi ya Korbesa? Niliporudi Nairobi nilichora upya, nikaandika alama ya maduara mawili na herufi A. Fundi wa jua kali niliyempelekea aliiangalia, akacheka. "Buda, hii alama siijui. Niambie tu unataka nini."

Nikamwambia: tundu na duara la nje yawe na kitovu kimoja.

"Basi nitakata vyote viwili kwa kufunga mara moja," akasema. "Nikiifungua kwenye mashine na kuifunga tena, lazima ihame."

Alikuwa anajua tayari. Kilichokosekana miaka yote ni mtu wa kumwambia kwamba hilo ndilo muhimu, badala ya kumpa namba mbili na kuondoka. Akakata nne, nikazituma na basi la Isiolo. Baadaye binamu yangu alinitumia video ya sekunde tisa, mkono wa mtu kwenye pampu, juu chini, juu chini, bila kuyumba. Hakuandika kitu. Nyuma unasikia mtungi ukijaa.