Todd Duncan

Todd Duncan (12 Februari 1903 – 28 Februari 1998) alikuwa mwimbaji Mmarekani mweusi wa muziki wa klasiki, mwenye sauti ya baritoni. Alizaliwa Danville, Kentucky.

Alikuwa akifundisha uimbaji katika Chuo Kikuu cha Howard pale mtunzi George Gershwin alipomchagua kuwa Porgy wa kwanza katika opera ya *Porgy and Bess*, 1935. Mwaka 1936 Duncan na Anne Brown, aliyeigiza Bess, walikataa katakata kuimba katika Ukumbi wa National, Washington, mpaka watu weusi waruhusiwe kuketi popote. Ukumbi ulisalimu amri.

Mwaka 1945 Duncan aliimba Tonio katika *Pagliacci* na New York City Opera, akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuimba na kampuni kubwa ya opera nchini Marekani. Miaka minne baadaye aliigiza Stephen Kumalo, mchungaji wa Afrika Kusini, katika tamthilia ya muziki ya *Lost in the Stars*. Pengine ndiyo kazi yake nzito kuliko zote.

Uzeeni aliendelea kufundisha uimbaji Washington, alikofia.