Shokapu za Mbingu

Yaliyoandikwa kuhusu usafiri katika Bonde la Kilombero kwa sehemu kubwa yanahusu reli, na reli inastahili. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ilipopita chini ya milima ya Udzungwa ilileta stesheni Ifakara, Mbingu, Chita na Mlimba. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo, alifanya kazi ya maana sana: alichambua stakabadhi za mizigo midogo iliyopakiwa kwenye stesheni, akaonyesha jinsi wakulima na wachuuzi walivyoifanya njia iliyokusudiwa kubeba shaba ya Zambia kuwa njia yao ya kuuzia mazao. Lakini stakabadhi huandikwa gunia likishafika stesheni. Safari ya gunia kutoka shambani, kuvuka mifereji na matope, haikuandikiwa karatasi yoyote, na hapo ndipo jasho lilipomwagika. Nashikilia kwamba ufundi wa kuichokonoa pikipiki ili ibebe mzigo katika bonde hili ni jibu la pengo hilo la zamani, na kwamba ni uhandisi kamili, wenye namna yake ya kupima, hata kama hakuna dainamomita (mashine ya kupimia nguvu ya injini) hata moja kati ya Ifakara na Mlimba.

Pengo lenyewe limetokana na ardhi. Tambarare ya Kilombero hufurika kila masika, na ni ardhi oevu kubwa kiasi cha kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2002. Upande wa mto, Wandamba walisafiri kwa mtumbwi. Upande wa milimani, ambako Mbingu ipo, mito mifupi yenye kasi hushuka kutoka Udzungwa na kuikata njia kila baada ya mwendo mfupi. Mpunga unataka maji, na maji hayo hayo ndiyo yanayoharibu njia ya kuutoa. Kabla ya injini mzigo ulikwenda kichwani, baadaye ukapakiwa kwenye baiskeli, na baiskeli ya mzigo ilikuwa tayari chombo kilichobadilishwa: keria nzito ya nondo badala ya ile ya kiwandani, foku iliyoongezewa vyuma vya kuiegemeza, mpira wa tyubu wa kufungia gunia. Haya nayataja kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba mafundi wetu walianza kuchomelea vyuma baada ya kuona pikipiki za bei rahisi zinavunjika. Keria ya nondo ni kongwe kuliko bodaboda. Fundi aliyejua mahali fremu ya baiskeli inapochoka alikuwa na la kuanzia pikipiki ilipofika.

Pikipiki za kwanza bondeni hazikuwa za biashara. Zilikuwa za wamisionari, maofisa wa kilimo, watumishi wa afya na wa miradi, na zilibeba mtu na mkoba wake. Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 2000, pikipiki za Kichina na kisha za Kihindi zilipoingia kwa wingi, na Serikali ikaitambua biashara ya bodaboda kwa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010. Wanaoisimulia historia hii huishia kwenye bei. Mimi naona jambo jingine lilikuwa na uzito sawa, nalo ni umbo la nyuma la pikipiki hizo: shokapu mbili, moja kila upande, zikiwa wazi, zimeshikwa kwa nati juu na chini. Pikipiki nyingi za kisasa za michezo zina shokapu moja iliyofichwa katikati, yenye vyuma vya kuiunganisha, na kuibadilisha ni kazi ya karakana kubwa. Boxer au TVS unaifungua shokapu kwa spana chini ya mwembe. Ufundi wa kurekebisha springi ulistawi vijijini kwa sababu chombo chenyewe kiliruhusu mkono wa fundi kuifikia.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Boxer ya 150 ina uzito wa kama kilo 120. Ipe dereva wa kilo 65, ifungie gunia la mpunga la kilo 100: tayari imebeba uzito kuliko wake yenyewe, na gunia limekaa nyuma kiasi kwamba gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na taa ya usiku inamulika matawi badala ya njia. Shokapu inalala, yaani inafika mwisho wa mwendo wake, na kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye fremu. Fundi asiyejua kazi ataikaza ile pete ya chini ya springi hadi ngazi ya mwisho na kudhani ameifanya ngumu. Hajaongeza ugumu wowote. Ameinyanyua sehemu ya nyuma tu, springi ni ile ile. Anayejua hubadilisha springi kwa yenye waya mnene, au huongeza jozi ya pili, na hapo anakutana na tatizo la pili: pikipiki isiyo na mzigo sasa inaruka kama mpira, kwa kuwa oili iliyomo ndani ya shokapu ilipimwa kutuliza springi laini. Ndiyo maana springi ngumu inapaswa kufuatwa na oili nzito zaidi. Sproketi nayo haisahauliki. Kutoka meno 42 hadi 45 nyuma, nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu inaongezeka kwa asilimia 7 hivi, na kasi ya juu inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa njia ya kwenda mashambani hiyo ni biashara nzuri, maana hakuna mahali pa kuitumia kasi yenyewe.

Atakayepinga atasema: huko ni kubahatisha, kwa sababu hakuna kilichopimwa. Fundi wa Ulaya huipandisha pikipiki juu ya pipa zito la dainamomita, gurudumu likalizungusha, na mashine ikahesabu nguvu kutokana na wepesi wa pipa kuongeza mwendo. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau historia ya kipimo chenyewe. Mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony, mwaka 1821, aliipima nguvu ya injini kwa kuubana mhimili kwa vipande vya mbao na kuning'iniza uzito kwenye mkono wa mti. Msingi ni ule ule hadi leo: ipe injini mzigo unaoujua, uone inavyofanya. Gunia la kilo 100 na kilima kile kile kila mara ni mzigo unaojulikana. Maandalizi nayo yanafanana kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya dainamomita unakagua upepo wa tairi, unakaza cheni ipasavyo, unasafisha filta, unaangalia plagi na nafasi za tapeti, unahakikisha breki haishiki, unaweka mafuta safi. Usipofanya hivyo, mchoro utakaotoka ni picha ya ubovu. Fundi wa bonde hufuata mpangilio huo huo kabla ya kugusa skrubu ya kabureta, tena kwa sababu nzito zaidi: petroli ya chupa huwa na maji, na filta iliyovuka mto haipitishi hewa.

Ninachokubali ni kwamba kipimo cha kilima kinabaki kichwani mwa aliyekifanya. Fundi akihama, ujuzi umehama naye. Na hapa haihitajiki mashine ya mamilioni. Futi ya fundi cherehani inatosha: pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye keria pikipiki ikiwa imenyanyuliwa, pima tena dereva akiwa amekaa, pima mara ya tatu gunia likiwa limefungwa, uandike daftarini. Namba tatu hizo zinaeleza mengi kuhusu springi kuliko mabishano ya kijiwe kizima. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kama vile vya Mikumi na Kihonda, vingeweza kuzikusanya daftari hizo na kuzifanya somo.

Pingamizi la usalama ni gumu zaidi, nami silipuuzi. Springi ikiongezwa, breki hubaki ya kiwandani, na mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ukichomelewa vibaya, hukatika bila taarifa. Watu wameumia na wengine wamekufa. Hata hivyo, kupiga marufuku marekebisho hakutaondoa mzigo. Mbingu leo inatoa mpunga na ndizi, na pia kokoa, ambayo kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikiinunua ikiwa mbichi kwa wakulima na kuichachusha hapo hapo tangu 2013. Kokoa mbichi ni nzito, imejaa maji, na haivumilii kulala njiani. Itabebwa tu. La kuamua ni kama itabebwa na pikipiki iliyotengenezwa na mtu anayejua anachofanya.

Swali hili linakuwa la haraka kwa sababu barabara zenyewe zinabadilika. Daraja la Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018 na kukiondoa kivuko cha kwenda Ulanga. Lami ya Kidatu hadi Ifakara imefuata. Springi ngumu yenye oili dhaifu ilivumilika kwenye matope kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kwenye lami, kwa kilomita 80, pikipiki hiyo hiyo ikipita tuta bila mzigo huliruka, tairi la nyuma likaachana na barabara, na breki ya nyuma ikawa haina kitu cha kushika. Sproketi ya meno 45 nayo itailazimisha injini kupiga kelele safari nzima na kula mafuta. Kila badiliko lililokuwa sahihi kwa njia ya Mbingu linahitaji kupimwa upya, na bado hakuna aliyeandika vipimo vya kwanza.